Gridi Inakula Wati Ngapi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Amplifaya za Vali

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja ya vali (ule mrija usio na hewa wa kukuzia mawimbi), gridi, yaani wavu wa waya ulio kati ya kathodi inayotoa elektroni na anodi inayozipokea, na nimefurahi kwelikweli kwa sababu hii ndo sehemu ya vali ambayo watu wa redio za ridhaa wanaipima kidogo kuliko zote na ndo hiyo hiyo inayowaulia vali za bei. Nimechagua chache zinazobeba na zile nyingine. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina amplifaya ya vali mbili aina ya 3-500Z, gridi zote zimefungwa ardhini na draivu inaingilia kwenye kathodi, redio yangu inaisukuma kwa wati 100. Karatasi ya data inasema gridi isizidi wati 20 kwa kila vali. Sasa mi nikagawa, wati 100 kwa vali mbili ni 50 kila moja, si nimeshavuka mara mbili na nusu hapo? Rafiki yangu anasema hapana, zidisha mkondo wa gridi na volti za anodi. Mita ya gridi inasoma miliampea 300 na anodi ina volti 3000, jibu likaja wati 900, nikaona hapa hamna kitu. Hesabu ya kweli ni ipi?

JIBU: Marahaba. Zote mbili siyo, ila yako ina ukweli fulani ndani yake na ya rafiki yako haina kabisa, tuanze nayo tuimalize.

Ifuate elektroni yenyewe. Inatoka kwenye kathodi, inavutwa, inaongeza kasi, na ikigonga waya wa gridi inaacha pale pale nguvu yote iliyoichuma njiani, ndo joto lenyewe hilo. Sasa imechuma kiasi gani? Imechuma volti zilizokuwepo kati ya kathodi na gridi wakati ule ule inagonga, basi. Zile volti 3000 ni za elektroni zilizofika kwenye anodi, na hii yetu imeishia njiani, kwahiyo kuzidisha mkondo wa gridi na volti za anodi ni kuilipisha safari ambayo haikuimaliza.

Halafu gridi haivuti mkondo muda wote. Inavuta pale tu inapokuwa chanya kuliko kathodi, na hiyo ni sehemu tu ya kila mzunguko. Kwa sababu karibu mkondo wote wa gridi unapita karibu na kilele, tunaweza kusema elektroni zote zimegonga zikiwa na volti za kilele, na hesabu inakuwa fupi namna hii:

joto la gridi kwa wati = kilele chanya cha gridi kwa volti × mkondo wa gridi kwa ampea

Kilele chanya maana yake volti za juu kabisa ambazo gridi inafikia ikilinganishwa na kathodi, sio ikilinganishwa na chasisi, ingawa kwenye amplifaya yako gridi na chasisi ni kitu kimoja. Mkondo wa gridi ni ule wa wastani, wa DC, unaousoma kwenye mita. Sio njia yangu mimi, Eimac wenyewe waliotengeneza 3-500Z wameichapa kwenye karatasi za data za vali zao nyingi tu, watu wanairuka kwa sababu imekaa mbali na lile jedwali la namba.

Tuje kwako. 3-500Z ikiwa kazini, upande wa kathodi inaonekana kama omu 115 hivi, mbili zikiwa sambamba ni kama 57.5. Ukiweka wati 100 kwenye omu 57.5, kilele cha volti ni kipeuo cha pili cha 2 × 100 × 57.5, yaani kipeuo cha pili cha 11,500, ambacho ni volti 107. Vali yako haina bayasi, yaani volti za kudumu za kuishusha gridi chini ya kathodi, wakati wa kutuma kwahiyo volti 107 zote ndo kilele chanya. Mkondo wa gridi ni miliampea 300 kwa vali mbili, tuseme 150 kila moja kama zimelingana. 0.150 × 107 ni wati 16. Uko ndani ya 20. Na kwa kuwa sio kila elektroni inagonga kwenye kilele chenyewe, vali isiyo na bayasi ukiizidishia 0.9 unakaribia ukweli zaidi, hapo inakuwa wati 14 na nusu hivi. Mimi huwa naiacha bila 0.9, inanipa nafasi kidogo upande wa usalama, lakini kwa hesabu inayofuata tutaihitaji.

Maana najua utauliza, kama gridi inakula 14 na mimi nimeingiza 50 kwa kila vali, nyingine 36 zimeenda wapi? Hapa ndo utamu wa kufunga gridi ardhini. Mkondo unaopita kwenye kathodi ni wa anodi na wa gridi kwa pamoja, na draivu yako inausukuma wote. Vali yako moja ikivuta ampea 0.4 kwenye anodi, ndani ya huo mkondo wa wastani kuna mkondo wa redio, yaani ule wa masafa unayotuma, wenye kilele cha kama ampea 0.64. Nusu ya 107 × 0.64 ni wati 34. Hizo wati 34 hazijapotea, zimepita ndani ya vali na kutoka upande wa anodi kwenda antena pamoja na nguvu ya amplifaya. Jumlisha 34 na 14 na nusu unapata 48 na kitu, na uliingiza 50. Hesabu za makadirio zikikaribiana hivyo mimi naridhika. Kwahiyo ule mgawanyo wako wa 50 kwa kila vali ulikuwa sahihi kama nguvu inayoingia, kosa ni kuipa gridi yote wakati theluthi mbili hivi inapita tu.

Kitu kimoja cha ziada kabla sijakuachia. Mita yako moja inasoma jumla ya vali mbili. Kama moja ni mpya na nyingine imechoka, inawezekana kabisa moja inabeba 190 na nyingine 110, mita inakuonyesha 300 ile ile, na ile ya 190 iko kwenye 0.190 × 107, wati 20, mpakani kabisa. Kama unaweza kuweka rezista ndogo ya omu 1 kwenye mguu wa gridi wa kila vali, ukaipitishia kapasita nzuri ya kushusha redio ardhini, utaweza kupima kila moja peke yake, miliampea 150 itasomeka milivolti 150. Ila miguu ya kapasita na ya rezista iwe mifupi sana, gridi ikiinuka juu ya ardhi hata kidogo kwenye masafa ya juu vali inaanza kujipigia yenyewe, yaani kutengeneza mawimbi bila draivu, na hapo tatizo lako linakuwa lingine.

SWALI: Fundi habari, yangu ni vali moja tu ya 8877, kwenye kathodi kuna zena dayodi ya volti 8.2. Nimepiga hesabu kilele cha draivu ni volti 80, gridi inasoma miliampea 70. Zena inaingia kwenye hesabu au naiacha?

JIBU: Inaingia. Zena inaiinua kathodi volti 8.2 juu ya ardhi, gridi iko ardhini, kwahiyo gridi inaanzia chini ya kathodi kwa 8.2 na draivu lazima kwanza iifute hiyo ndipo gridi iwe chanya. 80 toa 8.2 ni karibu 72. 0.070 × 72 ni wati 5. Kikomo cha gridi ya 8877 ni wati 25, upo mbali sana na hatari.

Ila zena yenyewe usiisahau, mkondo wote wa kathodi unapita pale, wa anodi na wa gridi. Ukiwa na jumla ya ampea 1, zena inakula wati 8.2, na zena ya wati 10 bila bamba la kupoza haitadumu.

SWALI: Naona kila mahali mnasema kilele cha volti, kilele cha volti, sisi wengine hatuna osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha mawimbi. Naweza kukipata vipi, na ile omu 115 naweza kuiamini?

JIBU: Omu 115 iamini kwa makadirio tu. Inabadilika na volti za anodi, na namna ulivyolodi, na ukubwa wa draivu, tena ile wati 100 unayosoma kwenye redio sio yote inafika kathodini, nyingine inabaki kwenye koili za kuingilia. Kupima ni bora na sio kazi ngumu. Hata mwenye osiloskopu namshauri aangalie probu yake kwanza, probu za mara kumi zinashuka sana uwezo wa volti masafa yakipanda, ile namba kubwa iliyoandikwa juu yake ni ya DC na masafa ya chini.

Chukua dayodi za haraka zinazovumilia volti, mbili za BAV21 mfululizo zinatosha kwa vali kama hizi, kila moja inavumilia volti 200. Utazihitaji mbili kwa sababu kathodi ikienda chini volti 107 kapasita inajaa hizo 107, ikirudi juu dayodi inakutana na mara mbili yake, 214. Upande wenye mstari wa dayodi uelekee kathodi ya vali, upande wa pili uende kwenye kapasita ya 0.01 mikrofaradi iliyoshuka ardhini. Kutoka juu ya kapasita pitisha rezista ya kilo-omu 100 ndipo utoke kwenda kwenye mita ya kidijitali ya kawaida, zile zenye ukinzani wa megaomu 10. Rezista inazuia redio isitembee kwenye waya wa mita na inapunguza kipimo kwa asilimia 1 tu.

Kwa nini nimeielekeza dayodi isome upande hasi? Kwa sababu vali inafanya kazi kathodi ikienda chini, hapo ndipo gridi inakuwa chanya. Upande wa juu vali imelala, haivuti kitu, kwahiyo kama sakiti ya kuingilia haina uwezo wa kushika mawimbi, volti za upande wa juu zinaruka kuliko za upande wa chini na ukipima huko utapata namba kubwa ya uongo. Wengi wanapima tu kilele hadi kilele wanagawa kwa mbili, na hapo ndipo namba zao zinapoacha kukubaliana na za wenzao.

Na kuna zawadi humu, umeiona? Dayodi imeunganishwa moja kwa moja bila kapasita ya kuzuia DC, inasoma kathodi imeshuka kiasi gani chini ya ardhi, na ardhi ndo gridi. Kwahiyo kile unachosoma tayari ni kilele chanya cha gridi, hata kama kuna zena usiitoe tena, imeshajitoa yenyewe. Yule mwenzetu wa 8877 angepima hivi angesoma 72 sio 80.

Pima kwenye 3.5 megahezi, dayodi zinapumua vizuri huko kuliko kwenye 28. Namba utakayopata inabaki ile ile kwa bendi nyingine ilimradi mkondo wa anodi na wa gridi unaufikisha pale pale, maana vali haijali masafa kwenye hili, inajali volti na mikondo.

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili. Ndani ya boksi lile kuna volti 3000 zenye kapasita nyuma yake na hazitoi onyo. Zima, chomoa waya wa ukutani, subiri mita ya volti za anodi ishuke mpaka chini, halafu ifunge anodi na chasisi kwa kijiti cha kushotia kilichofungwa waya wa ardhi kabla mkono wako haujaingia. Unganisha dayodi, toa waya nje, funga kifuniko, ndipo uwashe, na mita iwe mezani usiishike mkononi, kwa sababu vali ikipiga cheche ndani kati ya anodi na kathodi ule waya wa kipimo unaweza kupanda volti nyingi kwa sekunde moja. Ukimaliza zima, na rudia hatua zote zile tangu mwanzo kabla hujaingiza mkono kuitoa dayodi. Kama hujawahi kufungua amplifaya ya volti kubwa peke yako, fanya na mtu aliyewahi. Makadirio ya omu 115 yatakusaidia kabisa wakati unamsubiri.

SWALI: Kaka mimi natumia sauti SSB zaidi, ila siku hizi napiga na FT8, ile ya kutuma ujumbe kidijitali kwa kompyuta. Kwenye sauti sindano ya gridi inaruka ruka tu hadi 200, kwenye FT8 inakaa 300 imetulia. Vali ni mbili za 3-500Z kama za wengi. Gridi inapumzika kati ya maneno au hesabu ni ile ile?

JIBU: Inapumzika ndio, joto ni jambo la wastani na waya wa gridi una muda wake wa kupanda na kushuka. Sindano kwenye sauti inakuonyesha kitu cha katikati, vilele vya maneno vyenyewe vinafika huko huko 300 lakini ni vya muda mfupi, kwahiyo wati halisi za gridi ziko chini sana ya zile 16. Kwenye FT8 hakuna mapumziko, ni toni moja sekunde 12 na kitu mfululizo, na RTTY (teletaipu ya redio) ni hivyo hivyo mpaka uachie. Huko hesabu ya toni moja ndo hesabu yenyewe, bila punguzo. Mimi kwenye FT8 ningeshusha draivu, na utashangaa inavyosaidia, kwa sababu ukishusha draivu kilele kinashuka na mkondo wa gridi unashuka pia, vyote viwili kwa pamoja, na jibu ni zao lake. Ukitoka 107 kwenda 90 na gridi ikatoka 150 kwenda 115 kwa kila vali, joto linatoka 16 linakuwa 10.3. Umepoteza nguvu kidogo hewani, gridi imepata nafuu ya zaidi ya theluthi.

Lakini kusema kweli sio FT8 inayoua gridi nyingi. Kinachoua ni kutyuni, yaani kuiseti amplifaya ilingane na antena. Angalia kinachotokea: volti za anodi zinashuka na kupanda kila mzunguko, na kathodi inapokuwa chini kabisa anodi nayo iko chini kabisa, ni wakati ule ule. Ukiilodi kidogo, yaani kapasita ya lodi, ile ya upande wa antena, umeifunga sana, anodi inaruka kwa volti nyingi na kwenye kilele inashuka mpaka inakaribia gridi. Hapo elektroni zinaona gridi inavutia karibu sawa na anodi, zinahamia kwa gridi. Draivu haijabadilika, kilele ni 107 kile kile, lakini mkondo wa gridi umetoka 150 umefika 250 kwa kila vali, na 0.250 × 107 ni wati karibu 27. Hata ukizidisha 0.9 ni 24. Umevuka kikomo na nguvu ya kutoka wala haijaongezeka. Antena ikikatika ghafla au rilei ikishindwa kufunga, ni hali hiyo hiyo na mbaya zaidi.

Ndo maana wakati wa kutyuni macho yangu yako kwenye mita ya gridi kwanza, ya anodi baadaye. Gridi ikipanda haraka, fungua kapasita ya lodi, ongeza lodi, mkondo wa gridi unashuka na nguvu inapanda, halafu anodi unaitafutia tena sehemu yake. Ikikataa kushuka achia kitufe, usiendelee kutafuta huku unatuma.

Na weka kinga. Geuza hesabu yetu: kikomo gawa kwa kilele kinakupa mkondo ambao hutakiwi kuuvuka. 20 gawa kwa 107 ni ampea 0.187 kwa kila vali, 374 kwa mbili. Kwa kuwa vali hazilingani sawasawa mimi ningeiweka kinga ikate kwenye 330 hivi, rezista ndogo kwenye njia ya mkondo wa gridi, transista inaona volti zimezidi, rilei inaitoa amplifaya kwenye kutuma na inabaki imekata mpaka uirudishe kwa mkono. Iwe ya kubaki imekata kweli, ile inayojirudisha yenyewe inawasha na kuzima na gridi inapigwa kila inapowasha.

Kwa wenye 3CX800A7 kinga sio hiari. Anodi yake ni ya wati 800 lakini gridi ni wati 4 tu, na mkondo wa gridi usizidi miliampea 60. Fanya hesabu, 4 gawa kwa 0.060, kilele hakitakiwi kupita volti 66 ukiwa kwenye mkondo huo. Gridi zake ni nyembamba na ziko karibu mno na kathodi, ukikosea kutyuni haikupi muda wa kufikiria.

SWALI: Fundi, vali yangu ikipoa gridi inasoma 120, baada ya dakika kadhaa za kutuma inashuka hadi 80 yenyewe, nguvu ya kutoka iko vile vile. Hiyo ni nzuri au mbaya, maana kwa hesabu yenu joto limepungua.

JIBU: Hesabu inasema limepungua, mimi sikubaliani nayo hapa. Mita inasoma elektroni zinazoingia kwenye gridi toa zinazotoka. Gridi ikipata moto sana, hasa kama imeshapakwa vumbi la kathodi miaka yote hiyo, nayo inaanza kutoa elektroni. Zile zinazogonga zinaweza kuwa ni zile zile au zimeongezeka, mita inakuonyesha tofauti tu. Pia elektroni ikigonga kwa nguvu inaweza kung'oa nyingine kutoka kwenye waya, na hizo nazo zinapunguza usomaji. Kwahiyo hesabu yetu ni ya kuamini mkondo ukiwa umetulia, ukiona unateleza kwenda chini wakati draivu na lodi hujazigusa, chukulia namba ya vali ikiwa baridi, 120, na shusha draivu uone kama kuteleza kunaisha. Ikiwa kunaendelea hata kwa draivu ndogo, angalia feni na njia ya hewa, gridi inapashwa pia na joto la filamenti na la anodi, sio mkondo wake peke yake.

SWALI: Mimi ni wa klasi C ya zamani, ule mtindo wa bayasi kubwa, natuma CW, yaani Morse, na vali moja ya 4-400A, draivu inaingilia kwenye gridi. Bayasi naipata kwa rezista ya kilo-omu 10 kwenye gridi, mkondo wa gridi miliampea 15, kilele cha draivu nimekipima volti 250. Mnavyofanya nyie na gridi ardhini inanihusu?

JIBU: Inakuhusu na kwako iko wazi zaidi. Miliampea 15 kwenye kilo-omu 10 ni volti 150, hiyo ndo bayasi yako, hasi. Kilele cha draivu 250 toa 150, gridi inafika chanya 100. 0.015 × 100 ni wati 1.5. Kikomo cha gridi ya 4-400A ni wati 10, endelea na CW zako.

Ukitaka kuona zote, draivu inatoa 0.015 × 250, wati 3.75. Rezista inakula 0.015 × 150, wati 2.25. Inayobaki ni 1.5 na ndo ya gridi. Usiweke rezista ya wati 2 hapo, weka ya 5. Na kumbuka bayasi hii inategemea draivu, ikikatika draivu bayasi inapotea na vali inavuta mkondo mpaka ichemke, kwahiyo weka na volti kidogo za bayasi za kudumu au njia ya kukata volti za skrini, ile gridi ya pili.

SWALI: Skrini nayo inahesabiwa hivyo hivyo? Nina 4CX250B, skrini volti 350, mita ya skrini wakati mwingine inaenda hasi. Na draivu naipitisha kwenye rezista ya omu 50, wati 30 zote zinaingia, karatasi inasema gridi wati 2, naogopa.

JIBU: Usiogope za gridi. Kama bayasi yako ni 55 hasi na draivu ina kilele cha 55, gridi inafika sifuri haiendi chanya, mkondo wa gridi ni sifuri na sifuri mara chochote ni sifuri. Volti 55 za kilele kwenye omu 50 ni wati 30, zote zimeishia kwenye rezista. Ukiona mita ya gridi imeanza kunyanyuka kwenda mbele umevuka, shusha. Kuna vali kama 4CX1000A ambayo kikomo cha gridi kimeandikwa sifuri kabisa, haitakiwi kuwa chanya hata kidogo, na utaratibu wa kuziendesha ni huu huu wako.

Skrini ni rahisi kuliko gridi, volti zake za DC zimetulia hazirukiruki na mawimbi, kwahiyo zidisha moja kwa moja volti na mkondo. Miliampea 20 × 350 ni wati 7. Kikomo ni wati 12, unakifikia kwenye miliampea 34. Ikisoma hasi usiandike wati hasi wala sifuri, ni ile habari ya elektroni zinazong'olewa, na vali za familia hii zinafanya hivyo sana zikiwa nzima kabisa. Ila sapulai ya skrini lazima iweze kupokea mkondo unaorudi, weka rezista kutoka skrini kwenda ardhini inayovuta miliampea 20 hivi muda wote, la sivyo volti za skrini zinapanda zenyewe na vali inakukimbia. Na hakikisha volti za skrini haziwezi kuwepo kama za anodi hazipo, anodi ikikatika skrini inabaki peke yake kupokea kila kitu na hapo miliampea 34 utazipita kabla hujaifikia swichi.